Askari Yu Salama kwa Sababu Hana Kiwanja

Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa na magari yakihesabika, Mtaa wa Samora unatembeleka. Mimi huanzia Mnara wa Saa, ule uliosimamishwa 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji, nikaufuata mtaa taratibu mpaka Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa. Asiyesimama njiani anaumaliza mwendo huo kabla jua halijawa kali. Ndani yake, hata hivyo, kuna mji mzima kama ulivyokatwa na wakoloni. Nyuma yako Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi ili Uswahilini kusiungane na Uhindini. Mbele yako maduka ya Uhindini, na juu ya maduka vyumba vya kuishi. Kisha miti inaongezeka, viwanja vinapanuka, na unajikuta Uzunguni bila mtu kukuambia.

Majina ya mtaa nayo yamepishana. Mjerumani aliuita Unter den Akazien, Mwingereza akauita Acacia Avenue, uhuru ukaufanya Independence Avenue, na leo unabeba jina la Samora Machel, kiongozi wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichozaliwa katika mji huu huu Juni 1962. Jina hubadilika kwa kubandua kibao kimoja na kubandika kingine. Ninayotaka kuyasema hapa ni ya vitu ambavyo vikishabanduliwa havibandikiki tena: mawe, chokaa, mbao na shaba.

Katikati ya mtaa, pale Samora inapokutana na Azikiwe, kuna kipilefti, na juu yake yupo Askari. Ni sanamu ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyozinduliwa 1927. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) amesimama kwa hadhari, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Chini yake kuna maandishi, Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, kwa kuwa waliokusudiwa kuyasoma walikuwa wamesoma chuo cha Kurani kabla ya skuli. Aliyetunga maneno hayo ni mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi msomaji kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Zunguka jiwe lote. Jina la mtu hata mmoja aliyekufa hulioni.

Siku moja nilikaa karibu na hapo kwa mzee muuza kahawa, barazani mwa nyumba ya zamani ya ghorofa mbili, dele lake likiwa juu ya mkaa na sinia la kashata pembeni. Tulipokwisha salimiana, shikamoo na marahaba, nikamuuliza: “Mzee, huyu askari ni nani?” Akamimina kikombe kwanza. “Huyu ni wa vita vya Mjerumani, mwanangu. Babu yangu alichukuliwa vita hivyo, akabebeshwa mizigo, hakurudi. Lakini huyu siye. Huyu ana bunduki.”

Nimesoma mengi kuhusu sanamu hiyo, na sijakutana na uchambuzi unaoifikia sentensi ya yule mzee. Upande wa Mwingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile wanakadiriwa kupita 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue ambayo zamani ilikuwa Delamere Avenue, Stevenson huyo huyo aliweka sanamu tatu mwaka 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam juu ya jiwe alipandishwa askari peke yake, na mpagazi akaachiwa maneno. Aliyempa mpagazi wetu kumbukumbu ni wakazi wenyewe, kwa ulimi: kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, waliigeuza Kariakoo, na hadi kesho anayekwenda sokoni kununua mchele na vitenge analitamka jina la kikosi kile.

Kabla ya Askari mji huu ulikuwa na sanamu nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa 1889 kuivunja vita ya pwani ambayo Abushiri bin Salim aliiongoza, na ambaye aliporudi kama gavana mwaka 1895 alimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga Wajerumani, huko Kilwa. Itazame picha yake uone jinsi shaba inavyosema. Wissmann amesimama juu, miguu imara, uso mbele. Chini yake yuko askari wa Kiafrika, anamtazama bwana wake huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa na kuisafirisha. Ikaishia Hamburg, ikawekwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha, haikurudishwa tena.

Ukizilinganisha sanamu hizo mbili unaona Mwingereza alichobadilisha na alichobakiza. Alimtoa bwana, akampandisha askari juu. Hilo si dogo. Kwa zama zile kumweka Mwafrika peke yake juu ya jiwe, katikati ya mji wa mkoloni, lilikuwa jambo la kutazamwa. Lakini askari huyo ni wa mfalme bado, na waliokufa upande wa pili, askari wa Kiafrika waliokuwa chini ya Mjerumani, hawamo. Ndugu walipigana wao kwa wao katika ardhi yao, na aliyekumbukwa ni yule aliyekuwa upande ulioshinda.

Hatua chache kutoka kwenye sanamu kuna Mtaa wa Makunganya. Nchi huru ilimpa mtu wa Kilwa mtaa katika mji uliokuwa wa aliyemnyonga. Mimi huwa nasimama kwenye kona ile kwa heshima. Ila mpita njia atajuaje? Kibao kina jina tu. Hakina mwaka, hakina Kilwa, hakina kamba. Vivyo hivyo kwa Samora mwenyewe: kijana anayeshuka Posta kila siku akienda kibaruani ataupita mtaa huu miaka kumi bila kuona popote mstari mmoja unaomweleza kwa nini Mmakua au Mshangaan wa Msumbiji aliwahi kuja Dar es Salaam kutafuta uhuru wake.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Watu husema Askari amedumu karibu miaka mia moja kwa sababu tunathamini historia. Ningefurahi ingekuwa hivyo. Amedumu kwa sababu anakaa katikati ya barabara. Kipilefti hakiuziki, hakina hati, hakiwekwi rehani benki, wala hakipandishwi ghorofa ishirini. Majengo yaliyomzunguka hayana bahati hiyo. Yamekaa juu ya viwanja, na thamani ya kiwanja cha katikati ya mji haimo ndani ya nyumba iliyopo. Imo katika hewa iliyo juu yake.

Kona ya Samora na Mkwepu palikuwa na jengo la Salamander, la zama za Mjerumani, lenye baraza chini ambako watu wa mjini walikunywa chai kwa miaka mingi. Lilibomolewa mwanzoni mwa muongo uliopita. Kaiserhof, hoteli ya 1906 iliyokuja kuitwa New Africa, ilikwisha kubomolewa kabla yake ikajengwa upya kwa sura nyingine. Ukitembea Samora leo unaona mabati ya uzio pale, ghorofa la vioo hapa, na katikati yake nyumba ya miaka ya 1930 yenye roshani za mviringo na mwaka wa kujengwa ukutani, inasubiri zamu.

Kwa nini majengo haya ni rahisi kubomoa? Ni lazima turudi 1971. Mwaka huo Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na sehemu kubwa ya Uhindini ikawa chini ya Msajili wa Majumba. Wazee wa mjini hadi leo wanasema “nyumba ya Msajili”. Kodi ilikuwa ndogo, na hilo liliwasaidia watu wengi wasio na uwezo kuishi katikati ya mji, jambo ambalo silidharau hata kidogo. Lakini kodi ndogo haitengenezi paa. Mwaka 1990 nyumba hizo zikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa, na baada ya hapo ukaja ubia: shirika linaleta kiwanja, mwekezaji analeta fedha, nyumba ya zamani inaondoka. Hapa hakuna njama yoyote. Shirika lenye majengo mengi yaliyochakaa na fedha kidogo litafanya hesabu hiyo hiyo kila mara, mpaka sheria iingize kitu kingine kwenye hesabu.

Na sheria yenyewe ndiyo inanisikitisha zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalipa jengo ulinzi wa moja kwa moja ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lisome hilo ukiwa umesimama Dar es Salaam. Sultani Majid bin Said alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyo hiyo ya 1860; Boma la Kale pale ufukweni, jengo letu kongwe kuliko yote mjini, ni la 1866 na 1867. Limekosa kwa miaka mitatu au minne. Kwa hiyo mji mzima, kuanzia jiwe lake la kwanza, uko nje ya mstari, na kila jengo linahitaji waziri alitangaze moja moja katika Gazeti la Serikali. Katika miaka ya 1990 baadhi ya majengo ya katikati ya mji yalitangazwa hivyo. Baadaye mengine yakatolewa kwenye orodha, maana kinachoingia kwa tangazo hutoka kwa tangazo.

Sheria hiyo hiyo ilikuwa na huruma kwa kitu kimoja: mlango. Mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940 unalindwa. Naielewa sababu, mlango hung'oka na kusafirishwa kwa urahisi. Ila matokeo yake ni kwamba nyumba ya 1935 katika Mtaa wa Samora yaweza kubomolewa yote, ukuta kwa ukuta, huku mlango wake ukiwa na haki ambayo nyumba haina.

Wapo watakaoniuliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini mwananchi wa kawaida aumie kwa ajili ya nyumba za Wajerumani na za matajiri waliowahi kumpangisha kwa masharti? Swali hili nimelisikia hata nyumbani kwangu. Jibu langu la kwanza ni mikono. Boma, nyumba za awali za Wajerumani, kuta nene zilizobaki mjini zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa pwani na boriti za mikoko, maarifa ya mwambao huu ambayo mkoloni aliyakuta. Mchoro ulikuwa wake. Ujenzi ulikuwa wa mafundi wa hapa na wa kutoka Bara Hindi. Jibu langu la pili ni maisha. Tangu 1971 nyumba zile zimekaliwa na makarani, wauguzi, walimu, washonaji, watu wa kabila zote na dini zote, kwa zaidi ya nusu karne. Hiyo ni historia ndefu kuliko ya Mjerumani, aliyekaa Dar es Salaam miaka kama thelathini tu.

Shangazi yangu alipanga chumba na ukumbi katika nyumba moja ya Msajili, ghorofa ya pili. Tukienda kwake likizo, mchana tulilazwa sakafuni juu ya terazo kwa sababu ilikuwa baridi kuliko kitanda. Madirisha yalikuwa marefu, yenye luva za mbao, na feni hakuwa nayo. Ukilala chali ulikuwa unaona mistari ya mwanga juu ya dari, na kila gari lililopita chini liliitikisa mistari hiyo kutoka kushoto kwenda kulia. Upepo wa kusi uliingia dirisha la mbele ukatoka la nyuma. Nyumba ile haipo tena. Pale pamesimama jengo ambalo umeme ukikatika wafanyakazi hutoka nje, kwa sababu madirisha yake hayafunguki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolichukulia suala hili kuwa la watalii na wapenda picha. Jengo la zamani la Samora ni kazi ya akili kuhusu joto. Dari iko juu ili hewa moto ipande. Ukuta mnene unachelewesha jua hadi jioni. Roshani na paa lililotokeza barabarani vinamfunika anayepita chini. Jaribu kutembea mtaa huu saa saba mchana Februari. Chini ya nyumba za zamani unapita kivulini hatua baada ya hatua. Ukifika penye jengo la vioo unavuka kama unavuka uwanja wa mpira, na kioo kinakurudishia jua usoni. Mchuuzi wa magazeti anajua hilo, fundi viatu anajua, mama mwenye mtoto mgongoni anajua. Kivuli kile kilikuwa mali ya kila mtu, na kila jengo linapobomolewa kinaondoka bila kulipwa fidia.

Sisemi ghorofa zisijengwe. Mji wenye mamilioni ya watu hauwezi kubaki na nyumba za ghorofa mbili katikati yake yote. Ninachosema ni kwamba mwaka 1863 uondolewe kwenye sheria, na badala yake jengo lihesabiwe kwa umri, miaka 60 kwa mfano, likifika hapo lisiguswe mpaka lichunguzwe. Ninasema pia kwamba tulinde vipande vya mtaa, nyumba tano au sita zinazofuatana, kwa kuwa nyumba moja iliyoachwa kati ya minara miwili inabaki kama jino. Anayetaka kujenga juu aruhusiwe kurudi nyuma ya uso wa zamani, na baraza la chini libaki wazi kwa wapita njia. Haya hayahitaji utajiri. Yanahitaji kibali kimoja kikataliwe kabla kingine hakijatolewa. Na haraka ya kujenga tunaijua gharama yake: Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, mwendo mfupi tu kutoka Samora.

Najua pia kuwa sheria peke yake haishiki paa. Zanzibar, Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake, na bado sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 2020, watu wawili wakapoteza maisha. Fedha ya matengenezo lazima itoke mahali, na mimi ningeitoa hapo hapo: kila ghorofa jipya linalopata faida ya kuwa Samora lichangie nyumba ya zamani iliyo jirani yake.

Na pale kwenye kipilefti, jiwe lina nafasi ya kutosha pembeni. Ningeomba bamba moja jipya, kwa Kiswahili, kuhusu wapagazi, na jingine kwenye kona ya Makunganya. Kila mwaka Siku ya Mashujaa, Julai 25, nchi huweka mkuki na ngao na sime kwa ajili ya waliokufa. Babu wa yule muuza kahawa ni mmoja wao, hata kama aliyempeleka alikuwa mfalme wa mbali.

Nilipita tena pale wiki iliyopita. Ile nyumba ya ghorofa mbili imezungushiwa mabati, na chini ya baraza hakuna pa kukaa. Mzee amehamia upande wa pili wa mtaa, amesimika mwavuli wa kampuni ya simu uliopasuka, dele liko palepale juu ya mkaa. Nikamuuliza kama hapa biashara inakwenda. “Asubuhi inakwenda,” akasema. “Saa tano jua linanifikia, nafunga.”